Kabla ya Kufunga Safari ya Lisbon



Kutoka barazani petu hapa Liwatoni, meli ziingiazo Kilindini huonekana wazi. Tangu utoto wetu tumezitazama zikipita na bendera za nchi tusizozijua, tukibuni zimetoka wapi na zimebeba nini. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, tumeketi na kalamu na karatasi kupanga kwenda huko zitokako. Sisi ni watu watano: dada wawili, kaka yetu, na watoto wawili, mmoja wa miaka minane na mwingine wa miaka kumi na mmoja. Mji tulioukusudia ni Lisbon, mji mkuu wa Ureno, na wakati tuliouchagua, Mwenyezi Mungu akipenda, ni likizo ya shule ya mwezi wa Aprili.

Bado hatujaondoka. Tunayoyasimulia hapa ni matayarisho tu, na tumeona tuyaandike sasa, kabla ya kuondoka, kwa kuwa yametufunza zaidi ya tulivyotarajia. Huenda yakaifaa familia nyingine inayowaza safari kama hii.

Jambo la kwanza lilikuwa kumwambia Mama. Fedha zilikuwa tayari, maana kwa miaka minne tulikuwa tukiweka kidogo kidogo katika chama chetu cha akiba. Ruhusa yake ndiyo tuliyokuwa hatuna. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chake chini, akasema, "Kwa Mreno? Mwaenda kwa Mreno kufanya nini? Mji huu ameuchoma mara ngapi, nanyi leo mwampelekea fedha zenu?"

Kaka yetu alijaribu kumweleza kwamba mambo hayo ni ya kale, na kwamba watu wa leo si wale. Mama hakubishana naye. Aliuliza swali moja tu: "Watoto hawa washaingia Ngomeni?"

Tulitazamana. Watoto wamezaliwa kisiwani humu. Kutoka kwetu mpaka Ngomeni ni safari fupi ya tuktuk, na Ngome wameiona kwa nje mara nyingi kuliko tuwezavyo kuhesabu. Ndani hawakuwahi kuingia hata siku moja. Hata baadhi yetu sisi wakubwa, mara ya mwisho ilikuwa tulipopelekwa na shule. "Basi," akasema Mama, "anzeni hapa. Kisha tutazungumza habari za huko."

Ndipo safari yetu ya Lisbon ilipoanzia Mji wa Kale, asubuhi ya Jumamosi, na Mama akiwa mbele yetu na mkongojo wake.

Wengi wetu twaijua habari ya Ngome kwa juu juu, na si vibaya kuikumbusha. Vasco da Gama alifika Mombasa mwezi wa Aprili 1498, akapokewa kwa tahadhari, akaondoka bila ya maelewano na kuelekea Malindi. Miaka saba baadaye, 1505, Francisco de Almeida aliuvamia mji akautia moto. Ulishambuliwa tena 1528, na tena 1589. Hatimaye, 1593, Wareno walianza kujenga ngome juu ya mwamba wa matumbawe mlangoni mwa bandari, kwa ramani ya mhandisi Mtaliano aliyeitwa Giovanni Battista Cairati. Lakini hata ngome haikuwapa utulivu. Mwaka 1631 iliangukia mikononi mwa Yusuf bin Hassan, mwana wa mfalme wa Mombasa, ambaye Wareno walikuwa wamemchukua akiwa mtoto, wakampeleka Goa, wakambatiza na kumpa jina la Kireno, kisha wakamrudisha atawale kwa niaba yao. Na 1696 ulianza mzingiro wa Waomani, uliodumu karibu miaka mitatu, mpaka Desemba 1698, ambapo waliobaki ndani walikuwa wachache mno kwa njaa na maradhi.

Watoto walisimama muda mrefu zaidi mbele ya vitu vilivyotolewa baharini, kutoka kwenye meli ya Kireno Santo António de Tanná, iliyozama chini ya Ngome 1697 ilipokuja kuwaokoa waliozingirwa. Walitazama pia michoro ya meli iliyochorwa ukutani na Wareno waliokuwa wakilinda hapo, watu waliokuwa mbali na kwao. Yule mdogo aliuliza, "Bibi, hawa Wareno walikuwa wabaya?" Mama alifikiri kidogo kisha akamjibu, "Walikuja kwa biashara, mjukuu wangu, wakaitaka na nchi. Wasome. Usiwaogope wala usiwatukuze."

Maneno hayo tumeyafanya ndio mwongozo wa safari yetu. Baada ya siku ile tulianza kusoma habari za Lisbon kwa jicho jingine, na tuliyoyakuta yalitushangaza.

Lisbon ulikuwa mji wa Waislamu kwa zaidi ya miaka 400. Tangu mwanzoni mwa karne ya 8, Waarabu na Waberberi walipoingia nchi ile, mji uliitwa al-Ushbuna, ukawa na misikiti, masoko na kuta zake. Mwaka 1147 mfalme Afonso Henriques aliuzingira kwa msaada wa wapiganaji wa msalaba kutoka kaskazini ya Ulaya, waliokuwa njiani kwenda Palestina. Mzingiro ulidumu karibu miezi minne, na mwezi wa Oktoba wenyeji wakasalimu amri. Tuliposoma habari hiyo, tuliikumbuka Ngome yetu: kule Muislamu ndiye aliyekuwa ndani ya ukuta akingojea msaada, na hapa, miaka 550 baadaye, Mreno ndiye aliyekuwa ndani. Mwenye mazingatio na azingatie.

Waislamu waliobaki baada ya kushindwa walipewa mtaa wao chini ya kilima, nje ya ukuta. Mtaa huo hata leo unaitwa Mouraria, yaani mtaa wa Wamori. Waliishi hapo karne tatu na nusu, wakiwa mafundi, wafinyanzi na wakulima wa bustani. Kisha, Desemba 1496, mfalme Manuel I alitoa amri kwamba Mayahudi na Waislamu waihame nchi, na muhula wao ulikuwa mwaka uliofuata. Ni mwaka huo huo, Julai 1497, na kwa amri ya mfalme huyo huyo, Vasco da Gama aling'oa nanga Lisbon kuja pande zetu. Sisi tulisoma shuleni tarehe ya kufika kwake. Hatukuwahi kusoma kwamba nyumbani kwake, mwaka alioondoka, misikiti ilikuwa ikifungwa.

Jambo hili ndilo lililobadilisha mazungumzo na Mama. Tulimweleza jioni moja barazani, naye akauliza, "Na sasa je? Wako Waislamu huko?" Wako. Msikiti Mkuu wa Lisbon ulifunguliwa 1985, karibu karne tano baada ya amri ile. Na miongoni mwa walioianzisha jumuiya ya Waislamu wa Lisbon mwaka 1968 walikuwa watu kutoka Msumbiji, jirani zetu wa pwani hii hii, wengi wao wenye asili ya Kihindi kama baadhi ya majirani zetu hapa kisiwani. Baada ya Msumbiji kupata uhuru 1975, wengine wengi waliwafuata. Mtaa wa Mouraria nao, hasa karibu na uwanja wa Martim Moniz, leo una maduka na mikahawa ya Waislamu kutoka Bangladesh na kwingineko, na adhana za simu husikika katika mtaa ulioamriwa usibaki Muislamu.

Kuna mengine yanayotuunganisha na mji huo, na ni madogo yaliyomo majumbani mwetu. Leso tunazojifunga kila siku jina lake limetokana na neno la Kireno lenye maana ya kitambaa. Meza tunayolia, bendera ya meli ipitayo na gereza pia ni maneno yao. Gereza kwa asili likiwa ni neno lao la kanisa. Wao nao wamechukua kwa Waarabu, kama tulivyochukua sisi. Mtaa wa kale wa Alfama jina lake ni la Kiarabu. Vigae vya rangi vinavyopamba kuta za nyumba zao, azulejo, ni neno la Kiarabu. Na Mreno akitamani jambo husema oxalá, neno lililotokana na kumtaja Mwenyezi Mungu na utashi wake kwa Kiarabu, ingawa wengi wasemao hawakumbuki lilikotoka. Binti yetu mkubwa ameanzisha daftari la maneno hayo, na kila siku huliongeza.

Kadhalika tuligundua kwamba Ngome yetu ilipotengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1950 ili iwe jumba la makumbusho, baada ya kuwa jela kwa zaidi ya miaka 60, fedha zilitoka katika wakfu wa Calouste Gulbenkian, wenye makao yake Lisbon. Wakfu huo una jumba la makumbusho huko, si mbali na Msikiti Mkuu, na ndani yake mna mazulia, taa za misikitini na vigae vya Iznik. Tumeliweka katika orodha yetu. Tahadhari moja tu: majumba ya aina hii hufungwa kwa ukarabati kwa miezi mingi, na mengi ya Lisbon hufungwa kila Jumatatu. Ni bora kuuliza kabla ya kuondoka kuliko kugonga mlango uliofungwa.

Sasa tuje kwenye mambo ya kutenda, maana nia njema bila ya mpango huishia njiani.

Kwanza ni viza. Ureno imo katika nchi za Schengen, na mwenye pasipoti ya Kenya hana budi kuomba viza kabla ya safari. Maombi hupokewa kuanzia miezi sita kabla ya kuondoka, na yasipungue siku 15. Sisi tulijiwekea miezi mitatu. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka kumi, iwe na kurasa mbili tupu, na isimalizike muda wake kabla ya miezi mitatu baada ya siku ya kutoka Ulaya. Bima ya safari iwe ya euro 30,000 au zaidi. Ada tangu Juni 2024 ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka sita hadi kabla ya kutimiza kumi na miwili. Kwa familia yetu ni euro 360 kwa jumla, na ombi likikataliwa fedha hizo hazirudi.

Hapo ndipo penye wasiwasi wetu mkubwa. Jamaa yetu mmoja aliwahi kukataliwa viza ya nchi moja ya Ulaya akiwa ameshanunua tiketi isiyorudishwa, akapoteza akiba ya mwaka mzima. Kwa hivyo tumeshikilia mambo mawili. La kwanza, tunaweka nafasi ya ndege na ya malazi inayoweza kufutwa, na hatulipi tiketi mpaka viza itoke. La pili, kila karatasi inayothibitisha kwamba tuna kazi, nyumba na sababu ya kurudi tumeitia katika faili moja: barua za waajiri, taarifa za benki za miezi kadhaa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na idhini ya maandishi ya mzazi asiyesafiri nao. Wanaosafiri na watoto wasiidharau idhini hii.

Pili ni kupunguza. Mwanzoni tuliota Lisbon, Madrid, Paris na Roma kwa siku kumi. Mama alitucheka. Tulipopiga hesabu tuliona tungekaa vituoni na viwanjani zaidi ya mijini. Tumebaki na mji mmoja kwa siku saba, na fedha iliyookolewa imerudi kwenye karo za watoto. Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Mombasa, na siku mbili za kwenda na kurudi huliwa na safari yenyewe.

Tatu ni ibada. Hapa Mombasa jua huzama takriban wakati ule ule mwaka mzima, nasi tumezoea. Lisbon si hivyo. Katikati ya Aprili Magharibi huingia baada ya saa mbili usiku, na mwezi wa Juni huwa yapata saa tatu, na Isha huchelewa sana. Mwezi wa Desemba jua huzama mapema, kama saa kumi na moja na robo jioni. Msafiri ana ruhusa zake za kukusanya na kupunguza sala, na ni vyema kumuuliza shekhe mapema ili nyote mfuate jambo moja. Kibla nacho kimewashangaza watoto: kwetu twaelekea kaskazini, na kule huelekea mashariki, kusini kidogo.

Nne ni chakula. Wareno ni watu wa samaki kama sisi, na hilo ni nusu ya utulivu. Dagaa wa kuchoma na chewa mkavu ni chakula chao cha kila siku. Lakini supu ya mboga mara nyingi hutiwa soseji ya nguruwe, mchuzi huweza kuwa na mvinyo, na baadhi ya mikate na vitobosha hutengenezwa kwa mafuta ya nguruwe, ambayo huitwa banha. Tumejifunza kuuliza kwa Kireno: sem porco, bila nguruwe, sem álcool, bila kileo. Tutakuwa na chumba chenye jiko, na katika sanduku mtakuwa na bizari, ndimu ya kukausha na majani ya chai.

Tano ni miguu. Lisbon ni mji wa vilima na ngazi, na njia zake za mawe meupe huteleza zikilowa. Mtaa wa Alfama ulinusurika zaidi kuliko mitaa mingine katika tetemeko kubwa la tarehe 1 Novemba 1755, ambalo pamoja na mawimbi ya bahari na moto liliangamiza makumi ya maelfu ya watu. Kwa hivyo vichochoro vyake ni vyembamba na vya kupinda, na picha zake zimetukumbusha Kibokoni na Kuze. Sehemu ya chini ya mji ilijengwa upya kwa njia zilizonyooka, na ndani ya kuta mkatiwa viunzi vya mbao ili nyumba ziyumbe bila ya kuanguka. Wajenzi wetu wa mawe ya matumbawe na boriti za mikoko wangewaelewa. Tramu namba 28 hupanda vilima hivyo, na ni mashuhuri pia kwa wezi wa mifukoni. Mikoba ibebwe mbele.

Magoti ya Mama hayaziwezi ngazi hizo, na yeye mwenyewe amesema hatakwenda. Lakini jioni ile alipomaliza kusikia habari za msikiti, alinyamaza kitambo kisha akasema, "Nendeni. Kaburi la huyo nahodha mtalikuta?" Tukamwambia ndiyo, limo katika kanisa kubwa la Jerónimos, mtaa wa Belém, karibu na mahali alipong'olea nanga. "Litazameni, mpite. Kisha mwende msikitini mkaswali, na mniombee."

Siku mbili baadaye aliturejea na kifurushi. Mlikuwa na jozi tatu za leso mpya kutoka Barabara ya Biashara, zawadi kwa wanawake tutakaowakuta msikitini Ijumaa. "Waambieni jina ni la kwao," alisema, "na kitambaa ni cha kwetu."

Maombi yetu tumeyapeleka wiki iliyopita, na alama za vidole tumetoa sisi wakubwa. Jibu bado. Likija la heri, tutakwenda na kuwaletea habari za yale tuliyoyaona kwa macho. Likija la kukataliwa, fedha zilizobaki zitarudi chamani, na watoto watakuwa wameijua Ngome yao. Mwenyezi Mungu atujaalie lenye kheri nasi, awahifadhi wasafiri wetu wote wa nchi kavu, bahari na anga, na awarudishe salama kwa mama zao. Amin.